Ng'ombe Mweusi wa Mama

Mama aliposhindwa na baridi ya Kibugu, nilimteremsha nyumbani kwangu, chini ya Karurumo, kwenye joto. Alikubali kwa sharti moja: aje na ng'ombe wake. Alikuwa ng'ombe wa gredi, chotara wa kizungu wa maziwa mengi, mweusi tii, tena mwenye mimba. Tangu baba afariki, mama alikuwa akizungumza naye kila asubuhi, zaidi kuliko alivyozungumza na sisi watoto wake.

Kibugu kuna ukungu na umande, kwa hiyo asubuhi ng'ombe hutolewa zizini, akafungwa mahali wazi aote jua. Nami huku chini nilifanya vivyo hivyo. Nilikita kigingi katikati ya uwanja, nikamfunga, nikaenda kufundisha. Mama hakuona ubaya. Ndivyo alivyofuga maisha yake yote. Jirani yangu, mzee mwenye ving'ombe vya rangi ya majivu, alinisimamisha njiani.

“Mwalimu, hiyo ng'ombe nyeusi itapikwa na jua ya huku. Itafutie kivuli.”

Nilicheka. Nilimwambia awahurumie wake, mbavu nje. Wangu ni gredi. Mjinga mimi.

Juma lilo hilo nilipaka kopo moja masizi na jingine chokaa, nikayajaza maji, nikayaanika nje ya darasa. Watoto walichovya vidole wakapiga kelele: maji ya kopo jeusi yalikuwa moto zaidi. Nikaandika ubaoni kwamba rangi nyeusi hufyonza joto la jua, nyeupe hulirudisha. Kisha nikaenda nyumbani, nikampita ng'ombe akihema, ulimi nje.

“Atazoea,” nilimwambia mama.

Hakuzoea. Siku moja nilirudi mchana nikamkuta mama amepiga magoti uwanjani, amemfunika ng'ombe kwa shuka lake la kitanda, limelowa maji. Ng'ombe alikuwa ameshakufa, na ndama tumboni. Nilimgusa ubavuni, kiganja kikaungua. Sijajisamehe hadi leo, wala sioni nitajisamehe vipi.

Jirani alikuja kusaidia kuchimba shimo. Alimweleza mama kwa upole kwamba ngozi nyeusi huvuta jua. Mama alinigeukia.

“Mwanangu, wewe ulikuwa unajua hayo?”

“Sikujua, mama.”

Aliushika mkono wangu, akaupapasa.

“Basi usijilaumu. Ungejuaje, na hakuna mtu alikufundisha?”