Sori Iliyonifikisha Mbele ya Kamati

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya kiti. Mhariri wa gazeti letu dogo alisema nafasi ya msaidizi wake itakwenda kwa mwenye shahada, na mimi nilikuwa na stashahada tu na miaka minne ya kuripoti kesi za mahakama ya mwanzo. Chuo kimoja kidogo cha Birmingham, Uingereza, kikanipa ufadhili wa mwaka wa kumalizia.

"Unakwenda kusomea nini?" aliuliza mjomba Hamisi.

"Kila kitu, mjomba. Falsafa, historia, nyota, ufinyanzi. Ndivyo wanavyofundisha."

"Ufinyanzi? Unapanda ndege kwenda kufinyanga vyungu? Shangazi yako yuko Matombo pale, angekufundisha kwa siku mbili."

Septemba nikapanda ndege Dar es Salaam, nikasinzia kwenye kiti cha chuma Dubai, na mchana wa siku ya pili nikashuka Birmingham, mvua ikinyesha bila haraka yoyote. Dereva wa basi, mzee mwenye mvi, alinitazama na sanduku langu akasema, "Ingia, bab." Nilikuwa na miaka ishirini na sita na hereni masikioni, na mzee yule ananiita babu. Wiki mbili zilipita kabla sijaelewa kwamba pale kila mtu ni bab, na maana yake ni kama mpenzi au mwanangu.

Chuo kilikuwa Hockley, kwenye jengo la matofali mekundu katikati ya karakana za masonara. Wanafunzi wote tungeenea kwenye ukumbi mmoja wa harusi. Tulisoma wanane wanane kuzunguka meza, na walimu tuliwaita kwa majina yao ya kwanza. Mimi nilimaliza muhula mzima nikikohoa badala ya kumwita mwalimu wangu "Helen".

Jikoni ndiko nilikopata mtu wa kuongea naye. Mama Espérance, mpishi, alikuja kama mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo, na alikuwa anaishi mtaa wa Kingstanding.

"Weye ni wa Tanzania?" aliniuliza siku ya kwanza. "Ah, bale ba Kiswahili ya vitabu! Tafadhali, tafadhali, mpaka chakula inapoa."

Februari, Jumatatu asubuhi, yakatokea ya kichwa. Oliver, kijana wa mwaka wa mwisho, alikuwa amefinyanga kichwa cha bibi yake kwa miezi mitatu. Ilikuwa kazi yake ya mtihani. Mimi nilikuwa wa kwanza kufungua karakana siku hiyo, nikakikuta kichwa sakafuni, chini ya rafu yake, vipande vipande. Oliver akaingia nyuma yangu.

Nikaweka mkono kifuani. "Oliver, sori. Sori sana."

Akageuka. "Umefanya nini?"

Nikaona maumivu yamemzidi, kwa hiyo nikaongeza: "Sori."

Mchana nikapitisha kadi chini ya mlango wake: "Sori kwa kichwa chako." Nilikuja kuiona tena Alhamisi, imebandikwa namba kama kielelezo.

Kanuni ya chuo ilikuwa fupi: anayeharibu kazi ya mtihani ya mwenzake anaondolewa. Barua ya kuitwa mbele ya kamati ilinifikia Jumanne. Niliisoma nikaiona njia yote ya kurudi Morogoro, mikono mitupu, mtu mwingine amekalia kiti changu.

Nikanunua kadi ya simu ya kukwangua, nikampigia mama.

"Huyo kijana umempa pole?" akauliza.

"Nimempa, mama. Ndiyo maana nashtakiwa."

"Mpe tena."

Jumatano Mama Espérance alinisikiliza huku akimenya viazi.

"Ulisema sori mara ngapi?"

"Tatu. Na kadi."

"Mungu wangu! Mara tatu na karatasi! Dada, hapa ukimukanyaga mutu mguu, yeye njo anakuomba sori. Lakini kitu ikivunjika, hapana. Ile sori banasikia ni weye ulivunja."

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikaa mbele ya watu watatu: mwenyekiti mwenye tai ya manjano, bwana mmoja aliyekuwa akiandika, na mama mwenye miwani. Oliver alikaa pembeni. Nimeketi mahakamani mara nyingi, lakini siku zote upande wa waandishi.

Nikaeleza. Nikasema tuna neno pole. Anaambiwa aliyefiwa, anayekohoa, aliyejikwaa, hata aliyetoka kazini.

"Kwa hiyo mnaomba radhi kwa msiyoyafanya?" akauliza mwenyekiti.

"Hatuombi radhi. Tunasema pole."

"Na kwa Kiingereza?"

"Sori," nikasema, nikajisikia ninavyozama.

Yule bwana akaandika. Mwenyekiti akasema ni maelezo ya kuvutia, kwa sauti ya mtu ambaye hajavutiwa.

Hapo mlango ukafunguliwa, Mama Espérance akaingia na chai. Mwenyekiti akavuta kikombe chake bila kutazama. Kikapinduka, chai ya moto ikamwagikia suruali.

"Sori!" nikaruka, umbali wa hatua sita.

"Sori, papa, sori sana!" akalia Mama Espérance, ambaye tayari alikuwa karibu na mlango.

"Mnaomba radhi ya nini?" akasema mwenyekiti akijipangusa. "Nimemwaga mwenye..."

Akatutazama mimi na Mama Espérance kwa zamu. Mama wa miwani akaweka kalamu chini, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Oliver ndiye aliyesema. "Ndivyo alivyoniambia. Kwa sauti hiyo hiyo."

Wakamtuma fundi wa chuo akaiangalie rafu. Alirudi na skrubu mbili kiganjani: zilikuwa zimechomoka ukutani zenyewe. Shauri likafungwa. Oliver akaongezewa muda, akaanza kumfinyanga bibi upya, na safari hii alimweka sakafuni.

Juni nilifunga safari ya kurudi, shahada ndani ya bahasha. Oliver alisisitiza kunisindikiza stesheni. Kwenye ngazi, gurudumu la sanduku langu likakatika, sanduku likalala ubavu. Oliver akasimama, mkono kifuani, uso umejaa huruma.

"Pole," akasema. "Pole sana."

Matamshi hayakuwa na kasoro. Kisha akabaki pale pale, akiwa ametosheka, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Tangu siku ile ya kamati nilikuwa nawafundisha wenzangu uzuri wa neno letu. Sasa nililiona kutoka upande wa anayepewa, na sanduku bado limelala kwenye ngazi.

"Asante, umelisema vizuri," nikamwambia. "Sasa shika upande huo."