Wembe wa Saa Tatu

Mukund Gontia hakukaa chini ya feni. Kwa miaka kumi na mmoja tulitazamana meza kwa meza katika ofisi ya upimaji ardhi, Jabalpur, na sikumwona hata siku moja akivuta kiti mahali upepo unapofika. Mwezi wa Mei, joto likiwa limekaza hadi mbwa wanalala ndani ya mtaro, sisi wengine tuligombea ile feni moja ya katikati ya chumba. Yeye alikaa pembeni karibu na kabati la ramani, jasho likimtiririka shingoni, ametulia kama mtu anayengoja basi.

Sababu ilikuwa nywele. Alibaki na shungi moja refu upande wa kushoto. Kila asubuhi alilipaka mafuta, akalivusha juu ya utosi hadi upande wa pili, akalilaza hapo. Feni ingelifumua kwa dakika moja, na Pyarelal, karani wetu mwenye mdomo, alikuwa akiingoja dakika hiyo.

"Bwana Mukund, umeme umekatika. Hebu sogea huku utuangazie!"

"Nikisogea, Pyare, utaona deni lako la chai," Mukund alijibu, na alicheka kabla ya wengine kucheka. Alikuwa amejifunza kuwahi.

Aliishi mtaa wa Garha na baba yake, Mzee Harprasad, aliyestaafu posta. Mama alishafariki. Mzee alipika dengu, mwana akachoma chapati, wakala wakitazama taarifa ya habari. Familia nne zilikuwa zimekuja kumwangalia kwa ajili ya binti zao, zikanywa chai, zikala peremende, na zote nne zikatuma jibu kwamba nyota hazikupatana. Mukund alijua ni nyota gani. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Ya tano ilitoka Narsinghpur, kupitia kwa shangazi yake. Mwanamke aliitwa Sulabha. Alikuwa akisomea ualimu, na wazee wake walisema watakuja majira ya baridi ya mwaka unaofuata, akimaliza. Walishapelekewa picha. Ilikuwa picha ya miaka kumi nyuma.

"Dada, nikuulize kitu, usicheke," aliniambia siku moja, chai ikiwa mezani na Pyarelal ametoka.

"Sijacheka bado."

"Mtu akipandikizwa nywele, anajulikana?"

Ndipo nikasikia yote. Alianza na mafuta ya mitishamba na maji ya vitunguu, mpaka baba yake akauliza kwa nini nyumba inanuka kama jikoni ya hoteli. Kisha akaenda kwa daktari, akapewa dawa ya kupaka asubuhi na jioni. Mwezi wa pili zilidondoka zaidi. Akaambiwa ni kawaida, avumilie. Zikaota nyembamba kama za kitoto, na alipoiacha dawa wiki chache wakati mama yake anaugua, zikaondoka zote. Halafu kikaja kidonge.

"Daktari alisema kinazuia zisizidi kuanguka. Ila watu wachache, kinawaharibia..." Alitazama chai yake. "Mambo ya nyumbani."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia, daktari, mambo yenyewe sijayaanza. Yakiharibika nitajuaje?"

Tulicheka mpaka nikamwaga chai kwenye ramani ya kata nzima. Yeye aliacha kucheka kwanza.

Alikuwa amejaribu hata kutolewa damu, ikazungushwa kwenye mashine, akachomwa nayo kichwani sindano baada ya sindano. Sasa palibaki upasuaji, huko Nagpur. Daktari alimweleza kwamba nywele za kisogoni haziugui ugonjwa wa zile za utosini. Zinang'olewa moja moja na mizizi yake, zinapandwa mbele, na huko zinabaki na ukaidi wake ule ule. Baada ya wiki chache zinadondoka, lakini mzizi unabaki, na kwa mwaka mmoja kichwa kinajaa. Siku kumi za mwanzo ndizo za kuogopa, kwa sababu mzizi haujashika na mkono tu unaweza kuung'oa. Na kwake yeye kisogo kilikuwa chembamba, kilitosha mara moja tu.

"Hizi zikiharibika, hakuna nyingine," alisema. "Nikifanya Desemba hii, Sulabha atanikuta nazo."

"Watakunyoa?"

"Kichwa kizima."

Kwetu mwanamume ambaye baba yake yu hai hanyoi kichwa chote. Wembe huo unangoja siku moja, siku mwana anapoenda kuwasha moto wa kuchoma maiti ya baba yake. Ukiutangulia, watu husema umemwitia kifo.

"Nitavaa kofia," alisema. "Ni baridi. Mzee hataona."

"Sikuuliza kama ataona."

"Najua ulichouliza, dada. Daktari anasema ni usafi tu wa upasuaji."

Alimwambia baba yake anakwenda kupima viwanja porini, upande wa Mandla. Kabla ya kuondoka alinipa namba ya kliniki kwenye kikaratasi. "Katika fomu wanataka mtu wa kupewa habari," alisema, akifunga droo yake. "Nimeandika wewe. Sikujua nimwandike nani mwingine."

Ilikuwa Jumanne. Saa tatu na dakika tano asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu yangu: Wameshaninyoa. Nafanana na yai. Nazima simu.

Saa nne na kitu simu ya ofisi ililia. Alikuwa Mzee Harprasad.

"Binti, huyo mwanangu kazima simu."

"Yuko porini, mzee. Mtandao hakuna."

"Haya. Mimi leo nimeamka mzito, hata maziwa bado yako mlangoni. Ukimpata, mwambie chupa yake ya mafuta ya kichwa imeisha. Apitie dukani akirudi. Achukue yale ya chupa ya kijani, haya ya rahisi yanamwasha."

"Nitamwambia, mzee."

"Usimwambie nimeichungulia chupa." Nikasikia anapumua. "Basi, mwambie tu anunue."

Saa sita jirani alimpeleka mzee bakuli la mboga, akamkuta kwenye kiti chake, ameshaondoka. Ilikuwa moyo. Daktari wa mtaa hakuweza kusema saa. Mdogo wake mzee, Ramsnehi, akapiga ofisini kumtafuta Mukund, na mimi nikapiga ile namba ya kikaratasi.

Muuguzi alisema yuko kitandani. Nywele zote zilikuwa zimeshang'olewa kisogoni, ziko kwenye visahani vya maji baridi ya chumvi, ndiyo kwanza wanaanza kuzipanda. Nikamwomba amwekee simu sikioni.

"Mukund," nilisema. "Ni mzee."

Nilisikia vyombo vidogo vikigongana. "Saa ngapi?" aliuliza.

"Hawajui. Jirani amemkuta sasa hivi."

Baadaye aliniambia alivyolala saa mbili zaidi, macho yamefunikwa kitambaa, huku wasichana wawili wakimpanda nywele upesi upesi. Zisingepandwa zingekufa kwenye visahani, na hakuweza kutoka na kichwa kilichojaa matundu. Msichana mmoja alimfuta machozi yaliyoshuka kuelekea masikioni, akamwomba asitikisike.

Yaliyotokea asubuhi iliyofuata mtoni Gwarighat sikuyaona, wanawake hatuendi. Alinisimulia Halke, kinyozi anayenyolea watu kando ya lango la ofisi yetu, ambaye ndiye kinyozi wa ukoo wa Gontia. Alinyoa hata babu yake Mukund.

Mukund alifika na basi la usiku, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Kuni zilikuwa tayari. Wanaume wa ukoo walikuwa wamechuchumaa kwenye ngazi, na Halke alikuwa ameshanoa wembe.

"Toa kofia, mwanangu," Ramsnehi alisema. "Jua linapanda."

Akaitoa. Mbele kulikuwa na vigaga vyeusi mamia kwa mamia, vimepangwa kama mistari ya mchele shambani. Kisogo kilikuwa chekundu.

"Hii nini? Umeshanyoa?" Ramsnehi alisogea. "Lini?"

Mukund aliishika kofia kwa mikono miwili.

"Jana, ulipopata habari? Eh? Ulinyoa huko huko?"

Halke alisema baba mdogo alikuwa amemfungulia mlango, ilibaki kuitikia tu. Watu wote walikuwa wakimtazama. Angeitikia, wangemmwagia maji ya mto kichwani taratibu na mambo yangekwisha, nywele zake zikabaki. Mukund alitazama kuni. Kisha akaja akakaa mbele ya kinyozi.

"Nyoa, Mzee Halke."

Halke aliinama karibu na sikio lake. "Mwanangu, mimi naijua kazi hii, waliopandikizwa wanakuja kwangu wakishapona. Hizi bado mbichi. Wembe ukipita zinatoka zote. Nitapitisha mgongo wa wembe, nani atajua?"

"Pitisha makali."

"Mukund."

"Ule wa jana haukuwa wa baba. Nyoa."

"Nilinyoa, mama," Halke aliniambia, akikunja kitambaa chake. "Zilitoka na damu. Yeye wala hakukunja uso. Ramsnehi alidhani ni majipu."

Siku kumi na tatu za matanga zilipoisha alirudi kazini. Pyarelal alimtazama mara moja, akaenda kumletea chai yeye mwenyewe, na toka siku hiyo hakutania tena. Nadhani Mukund aliukosa utani ule. Mwaka ulipopita, mbele paliota vishungi vichache vya hapa na pale, na kisogo kilibaki na vidoa vyeupe vya makovu. Akaanza kunyoa vyote kila Jumapili kwa Halke. Watu wa Narsinghpur walipoandika kwamba Sulabha amemaliza masomo, yeye ndiye aliyewajibu wasije. Hakumwambia shangazi yake sababu. Kama mwanamke yule angejali kichwa chake au asingejali, hakuna aliyepata kujua.

Mimi aliniambia sababu, mara moja, tukifunga ramani jioni. "Nitamwingizaje mtu katika nyumba ile, dada? Nilimnyolea baba yangu akiwa hai."

"Hujui hivyo."

"Ndiyo, sijui. Saa tatu mimi nilikuwa nanyolewa kliniki. Yeye alikuwa anapumua au hakuwa anapumua? Mtu yeyote alimsikia asubuhi ile?"

Simu ya ofisi ilikuwa pale pale kati ya meza zetu.

"Sijui," nilisema. "Sidhani."

Aliniuliza tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna barua yake. Kila mara nilijibu vile vile. Nilikuwa na zile salamu za mafuta, za chupa ya kijani, na mara nyingi zilinifika ulimini. Baba yake alijua habari za nywele zake na aliziangalia kwa upole, nami nilitaka ajue hivyo kuliko kitu chochote. Lakini sikuweza kumpa mafuta bila kumpa na saa.

Mwaka jana nilipigiwa simu kutoka Dindori, alikohamishiwa. Alikuwa amefariki usingizini, moyo, kama baba yake. Nilimuuliza mpigaji kwa nini mimi. Alisema ndilo jina lililoandikwa kwenye fomu yake ya kazi.

Mara ya mwisho kumwona ni siku ile ya kuhama kwake, miaka saba baada ya mtoni. Nilimsindikiza stendi. Katika chumba cha abiria kulikuwa na benchi tupu chini ya feni. Akalipita, akaweka begi lake kwenye kona yenye joto.

"Hapo kuna upepo," nilimwambia. "Na huna cha kupeperushwa."

"Mazoea," alisema, akipapasa kichwa chake kilichong'aa.

Tulikula karanga. Kisha akageuka kunitazama, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona humo, kama chumba kilichofunguliwa dirisha.

"Jana nilikwenda kumuaga yule muuza maziwa wetu. Tukazungumza habari za mzee. Ananiambia siku ile aliacha paketi mlangoni saa kumi na mbili, na aliporudi na baiskeli saa mbili na nusu bado ilikuwa pale. Saa mbili na nusu, dada! Baba hakuwahi kuyaacha maziwa yapite saa moja. Hata akiwa na homa. Unaelewa?"

Utingo alikuwa akiita abiria wa Dindori. Niliisikia tena ile sauti nzito kwenye simu, ikisema hata maziwa bado yako mlangoni.

"Naelewa," nilisema.

Alibeba begi lake. Akapanda ngazi za basi, akasimama mlangoni, akainama kidogo ili nimsikie.

"Basi wembe ulinikuta yatima tayari, dada. Nilinyolewa nikiwa yatima."