Puli Ndogo ya Mashine ya Maji

Ningemwambia tu yule mama jirani, "Subiri baba arudi," leo nisingekuwa napita kijijini kwetu Kisondela nikitazama pembeni. Lakini nilikubali kubadilisha puli ya mashine ya baba. Juzi bodaboda alinishusha palepale mtoni. Pamebaki miparachichi, na alama ya mfereji iliyoota majani.

Ungepapenda zamani zile. Baba alikuwa na mashine ya kusaga mahindi iliyoendeshwa na maji. Mto ulizungusha gurudumu kubwa la mbao, polepole, likiguna kama ng'ombe aliyeshiba. Mkanda wa mpira ulitoka kwenye gurudumu ukaenda kwenye puli, kigurudumu kidogo cha chuma, na puli ikazungusha jiwe la kusagia. Akina mama waliongoja zamu walichoma ndizi, moshi na unga vikachanganyika puani. Dada yangu mkubwa ndiye aliyemimina mahindi. Kwanza aling'ata punje moja. Isipolia menoni, alikurudisha nyumbani ukayakaushe juu ya jiko. Kwa mvua za kwetu, wengi walirudishwa.

Nilikuwa likizo, kidato cha pili. Baba alikwenda msibani Ibighi, akaniachia mashine. Mama jirani akaja na gunia la mahindi ya harusi ya binti yake.

"Mwanangu, foleni hii mpaka wageni wafike? Wewe si msomi? Lifanye jiwe likimbie."

"Usimvimbishe kichwa, mama," dada akasema. "Na mahindi yako haya mabichi, hata kibogoyo anatafuna."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa bado naonja lile neno, msomi. Nikafunga maji, nikaweka puli ndogo kuliko ya baba, nikafungulia tena. Mwalimu alitufundisha kwamba puli ikiwa ndogo, jiwe huzunguka upesi zaidi. Alitufundisha pia kwamba maji ni yaleyale, kwa hiyo ukiongeza mbio unapunguza nguvu ya kusokota. Mimi nilishika lile la kwanza.

Mahindi makavu yalisagika mara moja. Vigelegele vikapigwa. "Ndaga, asante, msomi!" Nikamwambia dada amimine yale mabichi. Akamimina shingo upande, kwa kuwa baba alikuwa ameniachia mimi.

Jiwe likakwama. Gurudumu halikukwama, lilikuwa zito, limeshabeba mwendo wake, na mto ulizidi kulisukuma. Mkanda ukateleza juu ya puli, ukanuka mpira unaoungua. Ilinipasa kukimbilia lango la maji. Badala yake nikapiga kelele, "Dada, toa mkanda!" Akausukuma kwa fimbo. Wakati huohuo jiwe likaachia ghafla, na mkanda ukanyakua fimbo pamoja na mkono.

Baba aliporudi aliufukia mfereji wa mashine kwa jembe lake mwenyewe. Dada hakunilaumu hata mara moja. Alijifunza kumenya ndizi kwa mkono wa kushoto, akiibana kwa magoti, na mimi sikuweza kutazama. Nikahamia Mbeya. Nilirudi kumzika baba, halafu nikarudi kumzika dada.

Siku hizi watu wa kwetu wanasaga Tukuyu, kwa mota ya umeme. Hakuna anayeng'ata punje.

Ile sifa ya asubuhi moja ilimgharimu dada mkono wa kulia, na baba mashine yake. Mimi ilinigharimu wao wote wawili, wakiwa bado hai.