Kanga Aliyowekewa Mashavu

Kisa hiki hutakiamini, najua. Watu wa Magoma wameshaniita mwongo, na hao niliwapa nusu tu. Mimi Kibwana, mwenye darasa la nne zima na kalamu yangu mwenyewe, namwandika mpwa wangu Mashavu, mtoto wa dada yangu Chausiku. Yuko hapa barazani anachambua kunde. Kila ninachoandika nakisoma kwa sauti, asikie mjomba wake anavyokijua Kiswahili.

Alizaliwa miguu imevimba kama maandazi, shingo pana, ngozi yake imetanda hadi mabegani. Nikasema huyu kaazima shingo ya ndama. Siku ya Uhuru alikuwa na miaka saba. Nilimbeba begani aone bendera, watu wakadhani ana mitatu.

Kwetu Uzigua msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa na makungwi, kisha akatolewa kwa ngoma, ndiko kuchezwa, mtu mzima. Chausiku alinunua doti ya kanga Korogwe mapema, akaifungia sandukuni kungojea siku hiyo. Wenzake Mashavu wakaingia, wakatoka. Mdogo wake Mwantumu akaingia, akatoka, akaolewa Mashewa. Mashavu kifua ubao, kimo cha mbuzi.

"Bado?" mama yake alikuwa akimuuliza.

"Bado, mama."

Alipofika miaka kumi na minane nikawapeleka mimi mwenyewe kwa daktari wa misheni, maana nani mwingine angeweza kusema na daktari? Akampima, akamtazama shingo, akatukalisha. Alisema mwili wa mwanamke una nyuzi mbili ndogo mno zinazomkuza awe mwanamke, na alivyomwona Mashavu, huyu alizaliwa na mmoja. Si uchawi, si kosa la mama. Hatavunja ungo. Hatazaa.

"Basi daktari," nikasema, "mwongezeeni huo mmoja. Hata wa mbuzi."

Hakucheka. Chausiku naye hakucheka. Tangu siku hiyo sanduku hakulifungua tena.

Ikaja Operesheni Vijiji ya serikali, tukahamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Handeni, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Mwenyekiti Muhidini alimtazama Mashavu, wa miaka ishirini sasa, akampanga na watoto wa kufukuza ndege kwenye mtama.

"Mwenyekiti, mimi ni mkubwa," Mashavu akamwambia.

"Ukubwa wako uko wapi, binti? Nionyeshe!"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Mashavu akaokota kombeo, akaenda.

Mwaka uliofuata homa ikamchukua Chausiku. Kwetu mtoto haingii maiti inapooshwa. Mwantumu akaja kutoka Mashewa, akapita ndani moja kwa moja. Mashavu akamfuata, bibi kungwi akaweka mkono mlangoni.

"Watoto nje."

"Mimi ndiye mwanawe wa kwanza, bibi. Niliyemuuguza ni mimi."

"Najua, mwanangu. Lakini hujachezwa."

"Nitachezwa lini?"

Bibi akaondoa mkono. Akafunga mlango.

Sasa sikiliza wewe usiyeamini. Mashavu wangu akarudi nyuma, akaupiga mlango ule teke moja! Komeo likaruka hadi kwa Muhidini, makungwi wakatawanyika kama kuku walioona mwewe, akaingia kifua mbele, akashika kata ya maji, akamwosha mama yake kuanzia kichwani, na yule bibi kungwi akapiga magoti, akamwambia, "Mama Mashavu, kuanzia leo wewe ni—"

"Mjomba." Kanishika mkono wa kalamu. "Mlango sikuugusa. Walipungukiwa nguo ya kumfunikia mama, wakaita. Nikaifuata ile kanga aliyoniwekea sandukuni. Mkono ukatoka, ukaipokea, mlango ukafungwa. Nikakaa nje na watoto."