Sauti Yangu Si ya Gemu

Kuna Jumamosi moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Niko Makutano, pale mjini Meru, kijana wa miaka ishirini na ushee, nimeshika kipaza sauti, na banda la vidio limejaa hadi watu wamepakatana. Najua nimeanzia mbali, mwanangu, lakini ni wewe, mtoto wa jirani, uliyekuja hapa kwangu Dallas, mtaa huu wetu wa Embu, na simu mkononi, ukaniita babu kwa lugha ya kwetu, ukaniuliza, "Guka, mtu akitaka kutengeneza vidio za gemu anaanza vipi?" Sasa keti nikwambie. Na hiyo simu iweke kando, kwa sababu mimi na simu bado hatujapatana vizuri.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kutafsiri filamu. Zilikuwa filamu za Kichina, watu wanapigana mateke kutoka mwanzo hadi mwisho, na wanachosema hakuna aliyekijua, hata mimi. Asubuhi nilikuwa naitazama filamu peke yangu nione nani ataumia na nani atakufa. Mchana naisimulia kwa Kiswahili chetu cha huku juu, nachanganya na Kimeru, na Kiembu changu kinachomoka hapa na pale bila kuitwa. Watu walipenda sana. Ukiangalia vizuri ni kazi ile ile mnayofanya nyinyi: kuna vita kwenye kioo, na wewe unaongea juu yake.

Basi nikaenda Nairobi kumsalimia mjomba, nikamsikia mtafsiri mmoja wa kule. Alikuwa anaongea mbio mbio, kwa pua, maneno yanagongana. Nikaona, lo, kumbe mimi ni mshamba! Nikarudi Makutano na sauti yake yote, na pua yake yote. Jumamosi hiyo nikaanza kuitumia.

Filamu haijafika mbali, akasimama Mzee M'Ikiara. Huyu alikuwa mkulima wa kahawa aliyependa mateke kuliko vijana wote wa mji ule, na kila Jumamosi alikaa benchi ya mbele, kofia ameiweka gotini. Alienda akasimama mbele ya televisheni kabisa, akatuziba, akasema wazime. Wakazima.

"Kijana wa Embu yuko wapi?" akauliza.

"Ni mimi, mzee."

"Wewe sikujui. Yule aliyekuwa anatuambia filamu Jumamosi iliyopita, yule wa Embu, mmempeleka wapi? Mrudisheni!"

Watu walicheka hadi wengine wakaanguka kutoka kwenye benchi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baadaye, filamu ilipoisha, mzee alinishika mkono nje ya banda na akaongea polepole, bila kunichekelea. "Mdomo ulipewa wa kwako. Ukizoea kuazima wa wengine, siku utakapokuwa na jambo lako la kusema, utalisema na nini?" Nilinuna wiki nzima. Halafu nikamrudisha yule wa Embu, na watu wakaendelea kuja.

Sasa nikuambie kwa nini hizi vidio zinanikasirisha.

Nina mjukuu anaitwa Makena. Ni binti ya Murithi, mtoto wangu wa pekee, ambaye amefanya kazi Mombasa miaka mingi. Makena tumemlea sisi, mimi na marehemu mke wangu, na sasa anasoma chuo kikuu kule Nchiru, upande wa Meru, amepanga chumba kwenye hosteli. Akaanza hizi vidio zenu. Gemu yake ilikuwa ya magari: mnafukuzana mlimani, na anayesukumwa akaanguka bondeni ametoka mchezoni. Alikuwa anaieleza vizuri, kwa utulivu, kama mwalimu wa udereva: hapa kona ni kali, hapa punguza mwendo, huyu wa nyuma ana nia mbaya. Nilimsikia nikafurahi, nikasema hii damu ni yangu. Waliomtazama walikuwa mimi, rafiki zake wawili na mtu mmoja wa Isiolo ambaye hadi leo hatumjui.

Kisha akaenda kusikiliza wale washauri wa mtandaoni. Wale watu, mwanangu! Wamekaa huko na taa zao za rangi wanawafundisha watoto wa watu kupiga mayowe. Eti usipopiga kelele mwanzoni mtazamaji ataondoka. Eti tafuta kitu cha kuchekesha, kitu chochote, mzazi akianguka matopeni rekodi kwanza kabla hujamwinua. Ni nani aliwatuma? Mtoto anakuja kujifunza kazi, na wewe unamfundisha kukosa haya! Makena akawaamini, akawa anatafuta cha kuchekesha.

Akakipata nyumbani kwangu.

Desemba hiyo tulikuwa na ibada ya kumkumbuka mke wangu. Mbuzi amechinjwa, viti vimeazimwa kanisani, mchungaji amefika, majirani wamejaa. Tunamngoja Murithi. Alikuwa ameniahidi, na mwaka uliotangulia pia alikuwa ameniahidi. Tukangoja hadi chakula kikapoa. Jioni ndipo akapiga simu kusema kazi imembana. Nilitoka na simu nikaenda nyuma ya jikoni, hasira ikanipanda, nikamfokea kwa nguvu zangu zote: "Kaa huko! Kaa huko huko! Na hapa usirudi tena!"

Makena alikuwa chumba cha karibu, ameenda kujificha na gemu yake, na simu inarekodi. Ikanirekodi na mimi.

Sikujua. Nilikuja kujua miezi mitatu baadaye, niliposhuka Makutano nikienda kumwona Makena kule Nchiru. Nilikuwa naongea na kijana wa bodaboda kuhusu kofia ya kuvaa, nikaona ananikodolea macho. "Guka," akasema, "hebu sema 'kaa huko huko'." Nikadhani amelewa. Akawaita wenzake, "Nyinyi! Cheki, ni yeye!" Akatoa simu yake akanionyesha. Gari linasukumwa, linabingirika bondeni, na kutoka kule bondeni inakuja sauti yangu: Kaa huko! Kaa huko huko! Na hapa usirudi tena! Vijana wote wakaisema pamoja na mimi kwa furaha, kama wimbo. Gari lingine likaanguka, nikaisikia tena. Lingine, tena.

Ile ilikuwa siku ya mke wangu, mwanangu. Ilikuwa siku ya mama ya watu, na inachezwa pale stendi watu wacheke.

Nilifika Nchiru siku hiyo hiyo. Makena akanikaribisha kwa furaha, hata akaanza kunipikia chai.

"Guka, umeona? Watu wanakupenda sana!"

"Wananipenda? Wananijua?"

"Si lazima wakujue. Hakuna anayejua ni wewe."

"Baba yako anajua!" nikasema, na hapo ndipo nilipolielewa hata mimi.

Maana ngoja nikueleze. Tangu Desemba nilikuwa nampigia Murithi simu na hashiki. Mara moja tu alishika, akaniambia, "Baba, si ulisema nikae huko? Hata watu wa huku wananikumbusha kila siku," akakata. Nilishindwa kabisa kujua ni watu gani. Kumbe kule kazini kwake vijana walikuwa wanaitazama wakati wa chakula cha mchana! Murithi anakula ugali wake na anamsikia baba yake akimfukuza nyumbani, na wenzake wanakufa kwa kicheko, na hawezi hata kuwaambia ni baba yake.

Kwetu mzazi hasemi neno kama lile akaliacha likizurura. Wewe ni mtoto wa huku, unajua. Ukimwambia mtoto wako usirudi, hata kama ni hasira tu, unamwita, anasimama mbele yako, na unaliondoa kwa mdomo ule ule uliolisema, ndipo anaingia kwako akiwa huru. Mimi nilikuwa tayari kuliondoa kabla hata Januari haijaisha. Lakini nitaliondoaje? Mimi nalitoa huku, na simu inalirudisha kule! Nililisema mara moja nikiwa na uchungu, na mjukuu wangu amelisema kila siku bila uchungu wowote.

Ndivyo nilivyomwambia, na sikumwambia kwa upole. Nikamwuliza, "Yule Makena aliyekuwa anatuonyesha kona, yule niliyemlea mimi, mmempeleka wapi?"

Nilidhani atanijibu kwa ukali, kwa sababu hata yeye ana mdomo. Akaketi kitandani, chai inachemka inamwagika, hakuiangalia.

"Mimi pia nilimngoja siku ile, Guka," akasema. "Nilivaa ile nguo aliyonitumia. Nilikaa pale langoni hadi mchungaji akaomba. Halafu nikakusikia ukimwambia. Nikirudia kuisikiliza ni kama mimi ndiye namwambia. Mimi mwenyewe siwezi. Nikipigiwa simu na Baba nasema tu niko sawa."

Nisikudanganye, hasira haikuisha. Ila sikujua tena niielekeze kwa nani. Nilizima jiko, nikakaa karibu naye, na Mzee M'Ikiara akanijia akilini waziwazi na kofia yake. Huyu mtoto alikuwa na jambo zito la kusema, na alikuwa analisema kwa mdomo wangu, kwa watu wasiomhusu.

"Hizo vidio zitoke," nikamwambia.

"Zote? Guka, ndizo pekee zinazotazamwa."

"Zote."

Alizifuta moja baada ya nyingine, na ile iliyopendwa zaidi aliiacha mwisho, kidole kikiwa juu yake kwa muda mrefu. Niliona ilivyomuuma. Kisha nikamwambia ampigie baba yake, na azungumze kwa mdomo wake mwenyewe. Alipiga. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kwetu kabisa, bila mayowe yoyote.

"Baba, ni Makena. Siko sawa. Siku ya kumkumbuka cucu nilikungoja na hukuja, na niliumia sana. Zile vidio ni mimi niliyezitengeneza. Nisamehe. Nimezitoa."

Sikusikia alichojibiwa. Alilia kidogo, akasikiliza, kisha akanipa simu.

"Murithi," nikasema.

Halafu akaniuliza, "Baba, sasa hii ni wewe mwenyewe, ama ni ile vidio?"

Mwanangu, nimetukanwa maishani, nimeibiwa, nimezika mke. Hakuna kitu kimewahi kuniuma kama lile swali. Mtoto niliyemzaa anasikia sauti yangu na hajui kama ni mimi.

"Ni mimi," nikamwambia. "Njoo nyumbani."

Alikuja Pasaka. Alisimama nje ya lango na begi begani, mtu mzima wa ndevu, hakusukuma lango. Nilienda nikalifungua mwenyewe, nikamwambia, "Lile neno nimeliondoa. Hapa ni kwako." Nikamtemea mate ya baraka kifuani kama baba yangu alivyonitemea mimi, ndipo akaingia. Makena alikuwa amesimama hapo karibu, na simu yake hakuitoa mfukoni.

Sasa wewe. Umeniuliza uanze vipi, na nitakujibu, usije ukasema guka alinipigia kelele tu. Icheze hiyo gemu uijue kabla hujafungua mdomo, kama mimi nilivyoitazama filamu asubuhi. Tafuta mahali patulivu, ufunge mlango, na kila unachorekodi ukisikilize chote mwenyewe kabla hakijamfikia mtu. Simu uliyo nayo inatosha, usimsumbue mama yako akununulie mitambo. Tuambie unachofikiria unapocheza, kwa nini umepita kushoto, kwa nini umeogopa, maana hicho ndicho hatukioni kwenye kioo. Kiswahili chako kikitoka na Kiembu ndani, kiache kitoke. Watazamaji wakiwa wanne, ongea na hao wanne vizuri. Na masomo usiyatupe, nitakufuata huko huko shuleni, usinione nimezeeka!

Lakini hili ndilo la muhimu, nalo hata ukisahau mengine yote ulishike. Sauti ya mtu ni yake. Uso wa mtu ni wake, machozi yake ni yake, hasira yake ni yake. Ukitaka kuviweka kwenye vidio yako, nenda umwombe, na akikataa, kubali. Usimchukue mzee wa watu akiwa kwenye uchungu wake ukampeleka stendi achekwe. Makena amezifuta, ndiyo, lakini kuna waliokuwa wamezihifadhi, na hadi leo kuna vijana pale Makutano wanaoitana kwa maneno yangu. Hayo sitaweza kuyaondoa hadi nife. Na ukiwa na jambo linalokuuma, mtafute anayehusika umwambie, usilifiche ndani ya mchezo.

Haya, simama, sogea karibu nikutemee mate na wewe. Mungu akupe macho ya kuona mbele na vidole vyepesi. Akupe watu wanaokujua kabla ya wanaokutazama. Mama yako akikusikia kwenye simu ya jirani, asimame aseme kwa furaha, huyo ni wangu. Chukua simu yako sasa, uende ukacheze. Na ukishindwa, lia kwa sauti yako.