Waya wa chaji kwenye skuta yangu

Leo nimenyang'anywa chaji kwenye skuta yangu mwenyewe, na hasira yangu imekosa pa kwenda.

Umeme haujarudi mtaani. Binti yangu yuko Lubumbashi, alikuwa anajifungua, na simu yangu ilikuwa imezima.

Basi asubuhi nilipitisha waya wa chaji: kutoka kwenye betri, chini ya kiti, hadi usukani. Penye shingo ya usukani niliuacha ulegee, nisije nikaukata ninapokata kona. Mgongo bado unauma.

Njiani palikuwa na kilio. Kwetu hupiti tu. Niliiacha simu kwenye waya, nikaingia kutoa pole.

Niliporudi, simu yangu imelazwa juu ya kiti. Kwenye waya imechomekwa ya Mama Rachel, jirani yangu, mke wa askari.

"Mama, nani amekuruhusu?"

"Papa, ku kilio bantu banasaidiana! Bwana yangu iko ku vita. Akiita, atanipata namna gani?"

Nilifungua mdomo nimkaripie. Simu yake ikalia. Alisikiliza, uso ukamshuka, akaninyooshea.

"Iko ya yako, Papa."

Alikuwa mkwe wangu. Amenitafuta tangu alfajiri, mwishowe akajaribu namba ya jirani.

"Baba, ni mtoto wa kike. Wote wawili wazima."

Nikaketi palepale kwenye kiti, juu ya simu yangu; ikapasuka.

Naandika kwa simu ya katekista wetu. Pongezi ziandikeni hapa, msinipigie.

Waya nimemwachia Mama Rachel. Mumewe bado hajapiga.