Mama Aliyeokoka Kila Mkutano

Kila mara wahubiri walipotundika vipaza sauti vyao sokoni Nagongera, mama alikuwa wa kwanza kwenda mbele kuokoka. Alikuwa ameokoka kabla sijazaliwa, lakini akisikia wito, machozi yanamtoka, anaacha mafungu yake ya nyanya na kupiga magoti vumbini. Baba, mzee wa kanisa, aliona aibu.

"Wewe unaokoka mara ngapi?" alimfokea Jumamosi moja. "Au Yesu amekusahau?"

Mama alikuwa anasiriba sakafu yetu ya udongo kwa mavi ya ng'ombe, kama kila Jumamosi. Hakuinua hata kichwa. "Mzee, hii sakafu nasiriba kila wiki. Umewahi kunisikia nikisema nyumba si yangu?"

Baba akatoka nje. Nilibaki mlangoni nikinusa ile harufu mbichi ambayo leo, katika nyumba yangu ya saruji hapa Busia, naitamani sana.

Tulimzika mama mwaka jana. Pale kaburini, mhubiri alipouliza nani anataka kuokoka, baba aliinuka na fimbo yake. Nikamshika mkono. "Baba, wewe si ulishaokoka zamani?"

"Leo ni Jumamosi," akasema, akaenda mbele.